Mapanga Matatu ya Tumbo Moja: Kuchonga, Kusafirisha na Kutunza Mapanga ya Mtambo Mdogo wa Upepo, Pwani ya Tanga

Watu wanaofika kibandani kwangu Ngamiani kutaka mtambo wa upepo huanza na jenereta. Wanauliza sumaku, nyaya, betri za ukubwa gani. Mapanga, yale mabawa yanayozungushwa na upepo, wanayaacha mwisho, kana kwamba ni mbao tatu tu za kufungwa mbele. Kwangu mimi kazi iko hapo hasa. Jenereta mbovu itakunyima umeme, lakini mapanga mabovu yataiangusha nguzo juu ya paa la jirani.

Kila anayekuja kujifunza namwambia jambo hilohilo tangu siku ya kwanza: panga moja zuri halikusaidii kitu. Unachotafuta ni mapanga matatu yanayofanana kwa umbo, kwa uzito na kwa jinsi uzito ulivyolala ndani yake. Hatua zote ninazoziandika hapa, toka yadi ya mbao mpaka siku ya kukarabati, zinafuata hilo.

Mtambo ninaouzungumzia una kipenyo cha mita 2.4, yaani kila panga lina mita 1.2 kutoka katikati ya kitovu, pale mapanga yanapokutana, hadi nchani. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ule unaochezesha makuti muda wote bila kuyapinda, utakupa wati 80 hivi kama umechonga vizuri. Zinatosha taa za nyumba, redio na simu. Upepo ukifika mita 10 kwa sekunde, nguvu iliyomo ndani yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nane. Ndiyo maana mapanga yanayoonekana imara wakati wa maleleji, ule utulivu kati ya kusi na kaskazi, yanaweza kusambaratika kusi likichachamaa mwezi wa saba.

Hatua ya 1: Mbao

Mbao ya 2 kwa 6 yenye futi 12 inapatikana kila yadi hapa mjini. Futi 12 ni mita 3.66. Ukiikata vipande vitatu vya mita 1.2 unabakiwa na sentimita 6 tu za kuliwa na msumeno na kunyoosha vichwa. Mapanga yote matatu yanatoka kwenye mbao moja, mti mmoja, ukuaji mmoja. Nenda na tepu yako, kwa sababu mbao nyingi zinazoitwa 2 kwa 6 zimepunjwa. Baada ya kupiga randa unahitaji ubakiwe na unene wa milimita 45 na upana wa milimita 145.

Mbao gani? Wazee wengi wananishauri mvule au mtiki, maana ndizo mbao za heshima pwani, na mtiki tunao hapo Longuza, Muheza. Kwa mlango, kitanda au chombo cha baharini, sina ubishi. Kwa kitu kinachozunguka, uzito ni adui. Mita moja ya ujazo ya mtiki mkavu ina kilo 650 hivi. Ya paini ni kati ya 450 na 500. Chukua panga la kilo 1 ambalo kati ya uzito wake iko sentimita 45 kutoka kitovuni. Likizunguka mara 400 kwa dakika linazivuta boliti zake kwa nguvu ya karibu kilo 80. Ni sawa na kumning'iniza mtu mzima kwenye kila panga, mchana na usiku. Kila gramu unayoongeza, mtu huyo ananenepa.

Kwa hiyo natumia paini, ya Shume kule Lushoto au ya Sao Hill. Ni nyepesi, inakubali patasi, na ukiilinda na maji inadumu. Nyuzi zake ziwe zimenyooka toka kichwa hadi kichwa. Tazama ubavu wa mbao: mistari ikikimbilia pembeni na kutokea ukingoni kabla ya nusu mita, iache. Kifundo kidogo katikati ya shina, ile sehemu ya panga inayokaa kitovuni, ninakivumilia. Kifundo ukingoni, au popote kwenye nusu ya nje, sikikubali hata kwa bei ya bure.

Marehemu mjomba wangu aliunda mashua Mwambani maisha yake yote, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia mbao. Alikuwa akiinua kichwa kimoja, anaacha kingine kwenye mchanga, anagonga kwa kifundo cha kidole kila shubiri mbili huku ameinamisha sikio. "Mwanangu, usiitazame tu, igonge," alikuwa akiniambia. Mbao nzima inalia sauti moja toka mwanzo hadi mwisho. Penye ufa wa ndani au uozo sauti inazimika, kama mtu aliyeziba mdomo. Mpaka leo sinunui mbao ya mapanga bila kuigonga, na nimeshaokolewa na sikio mara ambazo jicho lilikuwa limeridhika.

Mbao ya yadini huwa haijakauka vya kutosha. Ilaze kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu, mbali na ukuta wenye unyevu. Kila Ijumaa ipime kwenye mizani na andika. Wiki tatu mfululizo uzito usipopungua tena, imefika pale hewa ya Tanga inapoiruhusu. Ukichonga mbichi, panga litajipinda lenyewe baada ya kulimaliza, na halitajipinda sawa na wenzake.

Hatua ya 2: Kuchora

Simama upande unakotoka upepo, utazame mtambo. Unazunguka kama mishale ya saa. Panga likiwa limesimama wima juu, ukingo unaotangulia uko mkono wako wa kulia. Andika kwa penseli juu ya kila kipande: MBELE, na mshale wa kutangulia. Nimemwona fundi mzuri kabisa akichonga mawili ya kulia na moja la kushoto kwa sababu hakuandika.

Vipimo ninavyotumia ni hivi, vyote milimita. Umbali unapimwa kutoka katikati ya kitovu. Mshuko ni kiasi ambacho ukingo wa nyuma unarudi ndani ya mbao ukipima kutoka uso wa mbele.

- Umbali 200: upana 145, mshuko 38, unene 23
- Umbali 400: upana 130, mshuko 30, unene 18
- Umbali 600: upana 115, mshuko 17, unene 15
- Umbali 800: upana 100, mshuko 9, unene 13
- Umbali 1000: upana 85, mshuko 5, unene 11
- Umbali 1200: upana 70, mshuko 3, unene 9

Ukingo unaotangulia uache umenyooka, ule wa asili wa mbao. Upana unapungua kwa kukata upande wa nyuma tu. Piga mstari wa skwea kuzunguka mbao kwenye kila kituo, yaani kila umbali ulioandikwa hapo juu, kisha kwenye ubavu wa nyuma weka alama ya mshuko na uziunganishe kwa rula.

Watu huuliza kwa nini panga lipindwe, shina lilale sana na ncha iwe karibu bapa. Aliyepanda ngalawa anajua jibu. Chombo kikishika kasi, upepo uliokuwa ubavuni unauhisi unahamia omoni, mbele ya chombo. Karibu na kitovu panga linakwenda polepole, hivyo upepo unalikuta usoni. Nchani linakimbia kama mara sita ya kasi ya upepo wenyewe, na upepo unalijia kama unatokea mbele kabisa. Kila sehemu ya panga inakutana na upepo wake, na kila sehemu inataka mlalo wake. Upepo ukiwa mita 10 kwa sekunde, ncha inakwenda mita 60 kwa sekunde, sawa na kilomita 216 kwa saa. Ukumbuke mwendo huo kila unapoisogelea nguzo.

Hatua ya 3: Kuchonga

Kanuni ya kibandani kwangu: hakuna panga linalomalizwa peke yake. Hatua moja inafanywa kwa yote matatu, ndipo tunaingia inayofuata. Ukimaliza moja ukaanza la pili kesho, mkono wako umeshabadilika.

Kwanza kata umbo la upana. Yafunge yote matatu kwa jiriwa, yakiwa yamelaliana, upitishe randa pamoja mpaka kingo ziwe kama za mbao moja.

Pili, uso wa mbele, ule unaokaa joshini, upande unakotoka upepo. Piga msumeno kukatisha mbao kila sentimita 5, toka ukingo unaotangulia, ambako hukati kitu, kushuka hadi mstari wa mshuko. Simamisha msumeno milimita 2 kabla ya mstari. Halafu toa vipande kwa patasi na nyundo ya mti, na ukiwa na mkono wa tezo, tezo ni haraka zaidi. Malizia kwa randa. Uso huu unabaki bapa ukiukatisha kwa rula kwenye kila kituo. Unapindika ukiutazama kwa urefu tu. Shikilia rula kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipita chini yake, bado hujafika.

Tatu, unene. Geuza panga, pima unene kutoka uso mpya wa mbele, na punguza mgongo hadi vipimo vya hapo juu. Tumia kalipa.

Nne, mgongo wenyewe, na hapa ndipo panga linapozaliwa. Sehemu nene kabisa iwe karibu na ukingo unaotangulia, asilimia 30 ya upana ukipimia hapo. Toka sehemu hiyo mgongo unashuka mrefu na taratibu kwenda nyuma, ambako unamalizikia kwenye ukingo mwembamba wa milimita 1 au 2. Mbele unashuka kwa mviringo mfupi, kama mgongo wa kidole. Usiuchonge ukingo wa mbele ukawa mkali kama kisu, hata kama jina lake ni panga.

Jitengenezee vibao vya bati, kimoja kwa kila kituo, vilivyokatwa umbo la mgongo. Ukikiweka juu ya mgongo kikakaa bila kucheza, nenda kituo kinachofuata. Vibao hivyo vinafanya mapanga yafanane kuliko jicho la fundi yeyote, na mimi mwenyewe nimo.

Vaa barakoa wakati wa msasa. Ukichonga mvule usinisikilize nusunusu: vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua.

Hatua ya 4: Kitovu

Kata mashina kwa ncha ya nyuzi 120 ili matatu yakutane katikati bila uwazi. Yabane kati ya duara mbili za plaiwudi isiyoingia maji, unene wa milimita 12, kipenyo cha sentimita 25 hadi 30. Kabla ya gundi na skrubu, pima kutoka ncha hadi ncha, kona ileile ya kila panga. Kwa mapanga ya mita 1.2 umbali huo ni sentimita 208 kwa pande zote tatu. Ukitofautiana zaidi ya milimita 3, sogeza. Kisha simika kijiti mbele ya ncha moja na uzungushe kwa mkono: ncha zote zipite mbele ya kijiti kwa uwazi uleule. Moja ikipita mbali zaidi ya milimita 5, yakalishe upya kwa kupunguza shina lake kidogo kwa randa.

Hatua ya 5: Kusawazisha uzito

Mwanzoni mwa kazi hii alinipigia simu mzee mmoja wa Moa, kule Mkinga, niliyemfungia mtambo miezi michache nyuma.

"Fundi, chombo chako kinatetema mpaka vikombe kabatini vinalia."

"Shikamoo mzee wangu. Kifungie breki leo hii hii, usikiache kizunguke hata kidogo. Kesho nipo kwako."

Tulipokilaza nilikuta vibano viwili vya stei, zile waya za kuishikilia nguzo, vimelegea na ufa mwembamba kwenye ulehemu wa shingo. Mapanga kwa macho yalikuwa mazima. Nikayafungua, nikayapima. Mawili sawasawa, la tatu limezidi gramu 40. Nililigeuza nikaona ncha yake haina rangi. Nilikuwa nimeipiga msasa mara ya mwisho ili kulipunguza uzito, nikaridhika, nikaliacha hivyo. Masika nzima ncha ile ilikuwa ikinywa maji kwa vichwa vya nyuzi zake.

Gramu 40 ni uzito wa yai dogo la kienyeji. Zikiwa karibu na ncha, kwa mizunguko 400 kwa dakika, zinavuta kwa nguvu ya kilo 7 na nusu. Nguvu hiyo inageuka pande zote karibu mara saba kila sekunde, usiku kucha. Nilimwomba radhi mzee, na tangu siku ile hatua hii naifanya mara mbili, kabla ya rangi na baada ya rangi.

Anza na mizani ya jikoni. Pima kila panga zima. Tofauti isizidi gramu 10.

Kisha pima mlalo wa uzito, maana mapanga mawili ya kilo 1 yanaweza kuwa tofauti kabisa: moja zito shinani, lingine zito nchani. Laza shina juu ya kipande cha bomba, alama ya katikati ya kitovu ikiwa juu ya bomba hasa. Upande wa pili uweke juu ya mizani, kwenye alama ya sentimita 110. Panga lilale usawa. Soma mizani, andika, weka lingine mahali palepale. Hapa sikubali zaidi ya gramu 3. Lililozidi lipunguze kwa msasa kwenye mgongo wa nusu ya nje, kidogo kidogo, ukipima kila mara.

Ukishayaunga kitovuni, yatundike kwenye beringi inayozunguka kwa wepesi, ndani ya chumba kisicho na upepo, milango imefungwa. Yaache yatulie. Panga zito litashuka chini. Zungusha tena, likishuka lilelile, funga chubwi za nyavu, vile vizito vya kuzamishia wavu, kwenye duara ya kitovu, upande wa pili wake, mpaka mapanga yasimame popote unapoyaachia. Chubwi zifungwe kwa skrubu, mgongoni, karibu na kitovu. Usigundishe kitu nchani, kitaruka.

Viwanda vikubwa navyo haviikwepi hatua hii. Panga la mita 107 lililotengenezwa Cherbourg, Ufaransa, mwaka 2019 ni la faiba, si la paini. Mapanga ya aina hiyo ni maganda mawili yaliyotandikwa nyuzi za kioo, katikati mbao nyepesi ya balsa au povu gumu, gundi ikivutwa ndani kwa pampu ya kutoa hewa, kisha maganda yanaunganishwa. Hata hivyo kabla ya kutoka, mapanga hupimwa na kupangwa matatu matatu, na lililopungua huongezewa uzito ndani.

Hatua ya 6: Rangi na ukingo

Msasa namba 80, kisha 120, kisha 180. Ukingo unaotangulia, nusu ya nje, uvalishe utepe wa faiba na epoksi wa upana wa sentimita 5, uliokunjwa pande zote mbili. Hapo ndipo mchanga, mvua na chumvi vinapogonga kwa mwendo ule wa kilomita 216. Faiba ikikauka ipige msasa hadi usihisi mpaka wake kwa kidole. Vaa glavu, maana hadina ya epoksi, ile dawa ya kuigandisha, ikigusa ngozi yako mara kwa mara, ngozi inaweza kuikataa maisha yote.

Halafu praima, na rangi ya mafuta mikono mitatu. Vichwa vya nyuzi nchani, shinani na ndani ya kila tundu la boliti vipate mikono mitano. Rangi iwe nyeupe au ya kung'aa kidogo, kwa sababu nyeusi inachemka juani na kuipasua mbao. Mapanga yote yapakwe siku moja, kopo moja, brashi moja. Yakikauka, rudi kwenye bomba na mizani.

Hatua ya 7: Safari

Mapanga mengi ya mbao yanaharibikia njiani. Tengeneza kasha la mbao nyembamba lenye mihimili miwili iliyokatwa nafasi za mapanga, moja karibu na shina, nyingine theluthi mbili ya urefu. Panga likae kwenye mihimili hiyo, likiwa limezungushiwa blanketi kuukuu, ncha na kingo zisiguse kitu. Kamba ya mkonge ifunge kasha, isifunge panga.

Ukipeleka Pangani au Mkinga kwa basi, kasha liingie kwenye buti, na uwe wewe wa mwisho kuingiza na wa kwanza kutoa. Sikubali yawekwe juu ya keria. Saa mbili za jua la pale juu zinatosha kupinda kilichokauka mwezi mzima, halafu kituo kinachofuata kondakta anatupia magunia ya nazi juu yake. Kwa mashua, kasha likae juu ya mbao za sakafu, lifunikwe turubai, na ukifika lifute maji ya chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi.

Kila panga na kitovu chake viwe na namba na alama inayolingana: 1 na 1, 2 na 2, 3 na 3. Mafundi wawili wakiunga kwa kubahatisha, kazi yote ya hatua ya 5 imepotea.

Nikifunga kasha langu huwakumbuka waliobeba mapanga ya Ziwa Turkana, Kenya. Mitambo 365, kila mmoja na kipenyo cha mita 52, maana yake mapanga 1,095 ya mita 25 hivi kila moja, yaliyoshushwa Mombasa na kwenda kwa barabara hadi Marsabit. Ilibidi barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis itengenezwe kwanza. Pangeni barabara kabla ya panga, hata kama barabara yenu ni kichochoro cha Kisosora: pima kona, pima geti, pima nafasi ya kulilaza chini kabla hujalipandisha.

Hatua ya 8: Kupandisha

Kwa mitambo hii natumia nguzo ya kulaza na kusimamisha, yenye stei nne na roda. Pandisha asubuhi pakiwa shwari. Nyaya tatu za jenereta ziwe zimeunganishwa pamoja ili mtambo uwe na breki. Mapanga yasianze kuzunguka wakati watu wapo chini. Baada ya siku tatu laza tena, kaza boliti zote. Mbao inabonyea chini ya washa, na boliti uliyoikaza vizuri siku ya kwanza hailingani na ya siku ya nne.

Hatua ya 9: Matunzo kwa kufuata pepo

Mimi sihesabu miezi mitatu mitatu kama vitabu vinavyosema. Nafuata pepo. Kusi likiisha na kaskazi bado halijaingia, Oktoba au Novemba, laza nguzo. Kaskazi likiisha, kabla mvua za masika hazijashika, laza tena. Katika maleleji hayo mawili mtambo haukuingizii kitu kikubwa, kwa hiyo hupotezi umeme, na kazi ya juu inakuwa salama.

Osha mapanga kwa maji baridi na sabuni kidogo. Chumvi na kinyesi cha ndege vinakwaruza rangi na kuongeza uzito. Angalia nyigu: wanapenda kujenga nyuma ya duara ya kitovu, na kiota cha udongo upande mmoja ni uzito usioualika.

Pitisha ukucha kwenye ukingo unaotangulia toka shina hadi ncha. Ukucha ukikwama, pana kidonda. Gonga faiba kwa sarafu, kidogo kidogo. Ikilia kavu iko sawa, ikitoa sauti ya kitu kitupu imeachana na mbao. Tazama rangi iliyovimba, maana chini yake pana maji. Kwenye mashina tafuta nyufa zinazokatisha nyuzi, hasa karibu na boliti. Kaza boliti. Funga mtambo.

Katikati ya misimu, sikiliza. Mwenye nyumba anaujua mtambo wake kama anavyojua mlango wake. Mluzi mpya unaopanda na kushuka mara nyingi ni ukingo ulionyofoka. Mtikisiko unaousikia kwenye nguzo ukiiwekea kiganja ni uzito uliohama. Vyote viwili: funga breki upepo ukipungua, usisubiri Jumapili. Wala usisimame ubavuni mwa mapanga yanapozunguka. Kinachochomoka kinaruka upande huo.

Hatua ya 10: Kukarabati au kutupa

Kidonda cha ukingoni kisichozidi milimita 5 kizibe kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao ileile, piga msasa, paka rangi, na urudi kwenye mizani. Ufa unaofuata nyuzi, mfupi, mbali na shina, unaweza kuingizwa gundi na kubanwa kwa jiriwa siku nzima. Ufa unaokatisha nyuzi, au wowote ulio kwenye theluthi ya kwanza toka kitovuni, usiutengeneze. Panga hilo limekwisha.

Na likiisha moja, wengi hutaka nichonge moja tu la kuziba pengo. Nachonga matatu. Mbao mpya haitakuwa na uzito, ukavu wala unywaji wa maji wa zile za zamani, na baada ya masika mbili mtikisiko utarudi. Futi 12 za paini ni rahisi kuliko nguzo mpya.

Kila seti ina ukurasa wake kwenye daftari langu: tarehe ya mbao, uzito wa kila panga, kilichosomwa kwenye mizani kwa sentimita 110, na kila lilipolazwa. Ukurasa wa yule mzee wa Moa umejaa pande zote mbili sasa. Nilimchongea upya mapanga yote matatu, na kusi lililopita lilipoisha nikayapima: kati ya jepesi na zito kulikuwa na gramu 2.